Abigaili hakuwa mke mvumilivu

Kwenye mikutano ya akina mama makanisani, na siku za kumfunda bibi harusi, sura ya 25 ya kitabu cha kwanza cha Samweli haikosi kuguswa. Somo linalotolewa ni lilelile: mume akiwa mgumu, wewe kuwa Abigaili, nyamaza, vumilia, tumia hekima, Mungu atamshughulikia. Somo hilo limewafikia wanawake wenye alama za kipigo mwilini, na wengi wamerudi nyumbani nalo. Nami nashikilia kwamba sura yenyewe haisemi hivyo hata kidogo. Abigaili wa maandiko alichukua mali ya nyumba bila kumwambia mumewe, akatoka kwenda kukutana na watu 400 wenye silaha, akamtaja mume huyo mbele yao kwa neno zito kuliko yote ambayo Kiebrania kinayo kwa mtu wa namna ile, kisha akamweleza Daudi, kijana aliyekuwa akimkimbia mfalme Sauli, kazi ya ufalme ambayo bado hajaipata. Uvumilivu uko wapi hapo?

Tuanze na majina, maana msimulizi ameyapanga kwa makusudi. Abigaili, kwa Kiebrania Avigayil, limeundwa na maneno mawili: av, yaani baba, na gil, kushangilia. Ni "furaha ya baba" au "baba yangu ni furaha". Mahali pengine limeandikwa kwa ufupi, Avigal, na maana haibadiliki. Jina lenye kazi kubwa ni la mumewe.

Tafsiri zetu husema Nabali maana yake ni mpumbavu. Si kosa, lakini neno hilo limebebeshwa mzigo wa maneno mengi. Kiebrania kina peti, mjinga ambaye hajajua dunia na hudanganyika upesi. Kina ewil, mkaidi asiyefundishika. Kina kesil, mtu mzito anayejiona anajua. Yote hayo kwetu huishia kuwa mpumbavu au mjinga. Naval, na ndilo jina la Nabali kwa Kiebrania, ni mtu mwingine kabisa. Akili anazo na hesabu anazijua. Alichokosa ni utu. Isaya 32:6 unamweleza kwa matendo yake: humwacha mwenye njaa na njaa yake, na mwenye kiu humnyima cha kunywa. Hiyo ndiyo picha ya mtu wa sura yetu, neno kwa neno. Zaburi ya 14, inaposema mpumbavu amesema moyoni mwake hakuna Mungu, hutumia neno hilohilo, na hamlengi msomi aliyefikiri akafikia hitimisho. Inamlenga mtu anayeishi kana kwamba hakuna atakayemwuliza. Tamari naye, akimsihi Amnoni ndugu yake asimbake, humwambia kwamba atakuwa kama mmoja wa hao nevalim, wingi wa naval, katika Israeli. Kiswahili chetu kina safihi na fedhuli, na yote mawili yanamkaribia Nabali kuliko mpumbavu.

Je, mzazi gani humpa mtoto jina hilo? Wako wataalamu wanaosema halikuwa tusi tangu mwanzo. Konsonanti n-b-l katika Kiarabu hutoa nabil, muungwana, na wasomaji wa pwani wanawajua akina Nabili. Huenda mzee wa Karmeli alikuwa na jina la heshima, na Abigaili ndiye aliyeligeuza kwenye mstari wa 25 aliposema: kama lilivyo jina lake, ndivyo alivyo yeye. Isaya 32:5 unacheza mchezo uleule, ukisema itakuja siku ambayo naval hataitwa tena muungwana. Na kuna sikio la tatu: nevel ni kiriba. Abigaili anabeba viriba viwili vya divai kwenye mstari wa 18, na kwenye mstari wa 37 divai inamtoka Nabali. Mwebrania aliyesomewa sura hii alisikia kiriba kikimwagika.

Hata ukoo wake umeandikwa kwa utata. Mstari wa 3 una herufi zinazoweza kusomeka kalibbi, mtu wa ukoo wa Kalebu, na hivyo ndivyo Wamasoreti, wanakili wa Kiyahudi waliotunza matini ya Kiebrania, walivyoagiza pasomwe. Lakini herufi zilizoandikwa ndani ya matini husomeka kelibbo, "kama moyo wake". Watafsiri wa Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, waliona kelev, mbwa, wakaandika kwa Kigiriki kwamba alikuwa mtu wa tabia ya mbwa. Mizizi ileile ya k-l-b, na masomo matatu yanayomshitaki kwa njia tatu. Usomaji wa Wamasoreti ndio wenye uzito wa kisiasa, maana Hebroni ulikuwa urithi wa Kalebu, na Daudi atakuja kuwa mfalme hukohuko.

Karmeli hii, kwa njia, si ule mlima wa Eliya ulioko kaskazini kando ya bahari. Ni kijiji cha Yuda, takriban kilomita 12 kusini mwa Hebroni, na mji wa Maoni uko jirani yake. Magharibi kuna mashamba. Mashariki ardhi inashuka kwenye jangwa kuelekea Bahari ya Chumvi. Mifugo hupelekwa jangwani majani yanapokuwapo, kisha hurudishwa kukatwa manyoya. Nabali ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Kukata manyoya ni mavuno ya mfugaji: ndiyo siku mali inahesabiwa, wachungaji wanalipwa, na watu wanakula na kunywa. Daudi anaiita siku njema, na hakuchagua siku hiyo kwa bahati.

Watu wa Daudi walikuwa wamekaa na wachungaji wa Nabali jangwani, na hakuna kilichopotea. Ushahidi haujatoka kwa Daudi peke yake. Mtumishi wa Nabali mwenyewe anasema watu wale walikuwa ukuta kwao usiku na mchana. Daudi anatuma vijana 10 na salamu yenye amani mara tatu: amani kwako, amani kwa nyumba yako, amani kwa vyote ulivyo navyo. Hataji kiasi. Anaomba chochote kitakachopatikana mkononi, na anajiita mwanao.

Wako wanaosema huo ni ulinzi wa kulazimishwa, kwamba genge hujilinda lenyewe kisha hudai malipo. Shaka hiyo ina haki yake. Hakuna mkataba uliotajwa, na vijana 10 wa mtu mwenye jeshi si ombaomba wa kawaida. Tena Nabali ana utetezi mzuri zaidi ambao wahubiri hawampi kamwe. Muda mfupi kabla ya hapo, Ahimeleki kuhani wa Nobu alimpa Daudi mikate na upanga, na kwa sababu hiyo Sauli akaamuru makuhani 85 wauawe kwa mkono wa Doegi Mwedomi. Wazifi, majirani wa kaskazini kidogo tu ya Karmeli, walikuwa wakimpelekea Sauli habari za maficho ya Daudi. Na Karmeli yenyewe ndipo Sauli alipojisimamishia mnara wa kumbukumbu baada ya kuwapiga Waamaleki. Kumpa Daudi mkate katika mji ule kulikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana.

Tatizo ni kwamba Nabali hasemi hayo. Angeweza kujibu kwa siri, angeweza kuomba udhuru. Badala yake anauliza, Daudi ni nani, na mwana wa Yese ni nani? Basi anamjua mpaka baba yake! Na "mwana wa Yese" ndiyo kauli ya dharau ya Sauli kwenye sura ya 20 na ya 22. Anaongeza kwamba siku hizi watumwa wanaowatoroka bwana zao ni wengi. Kisha, katika mstari mmoja wa 11, anataja chake mara nne: mkate wangu, maji yangu, nyama yangu niliyoichinja, wakata manyoya wangu. Septuaginta ina "divai yangu" mahali pa maji. Jibu la mtu anayemwogopa Sauli halifanani na hilo. Hilo ni jibu la naval.

Daudi anajibu amani tatu kwa panga tatu: mstari wa 13 unataja kujifunga upanga mara tatu mfululizo, wa mwisho ukiwa wake mwenyewe. Watu 400 wanapanda naye, 200 wanabaki na vyombo. Anaapa kwamba mpaka asubuhi hatasalia mwanamume hata mmoja kwa Nabali. Kiapo chenyewe kina alama ya kidole cha mwandishi wa baadaye. Kiebrania kinasema Mungu awafanyie hivi "adui za Daudi", ilhali Septuaginta inasema "Daudi". Kiapo hakikutimizwa, hivyo kuna aliyeona heri laana iwaangukie maadui kuliko mfalme.

Hapa ndipo Abigaili anapoingia, na mtu anayemwita ni mtumishi. Anasema bwana wao ni mtu mbaya kiasi kwamba hawezi kuambiwa neno. Watumishi wa nyumba walishajua amri ya maana hutoka kwa nani.

Tazama alichopakia. Mikate 200. Viriba viwili vya divai. Kondoo watano waliokwisha kutayarishwa. Seah tano za bisi, na bisi hapa si zile za mahindi zinazouzwa kwenye mifuko barabarani, bali nafaka iliyokaangwa. Seah moja hukadiriwa kuwa karibu lita 7, basi seah tano ni kama madebe mawili. Vichala 100 vya zabibu kavu. Mikate 200 ya tini zilizoshindiliwa. Vyote juu ya punda.

Piga hesabu. Watu wa Daudi ni 600. Mkate mmoja watu watatu. Kondoo mmoja watu 120, yaani kila mtu kipande cha kuonja tu. Zabibu na tini ni vipande 300, nusu kwa kila mtu. Hiyo si karamu. Ni posho ya watu wanaohama, yenye uzito mkubwa upande wa vitu visivyooza. Ubora wake unaonekana kwenye sura ya 30: Mmisri aliyelala uwandani siku tatu bila chakula wala maji anazinduliwa kwa kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu. Kwa upande wa Nabali, kondoo watano katika 3,000 ni mmoja katika kila 600. Mifugo yote ikihesabiwa, ni mmoja katika 800. Kwa hasara hiyo nyumba nzima iliokolewa.

Na vimetoka wapi kwa haraka vile? Mikate 200 haiokwi kwa saa moja, na nyama haichunwi na kutayarishwa mtu akiwa njiani anakuja na upanga. Vilikuwa tayari kwa ajili ya karamu ya wakata manyoya. Abigaili aliingia akachukua mkate uleule na nyama ileile ambavyo Nabali alivitaja kuwa vyangu, vyangu, na mahali pa maji akaweka divai. Sioni kwamba msimulizi ameliweka hilo bila kukusudia.

Zawadi inatangulia na watumishi, yeye anafuata nyuma. Yakobo alifanya hivyo alipokwenda kukutana na Esau, ila Yakobo alitanguliza wanyama hai zaidi ya 500, na alipofika akaongea kidogo. Abigaili alitanguliza chakula cha mlo mmoja na akaongea sana. Hotuba yake, mstari wa 24 hadi 31, ni miongoni mwa ndefu kabisa zilizowekwa kinywani mwa mwanamke katika Biblia ya Kiebrania, na inastahili kusomwa polepole, maana mpangilio wake ndio uliofanya kazi.

Anashuka upesi kwenye punda, anaanguka miguuni, na neno la kwanza ni kwamba hatia iwe juu yake. Mtu mwenye hasira amekuja akimtafuta mkosaji. Amempata, na mkosaji huyo hana upanga, amelala kifudifudi na anaongea. Ndipo anamtaja Nabali na jina lake, na kusema kwamba yeye mwenyewe hakuwaona wale vijana waliotumwa. Ameshamtenga mume na nyumba. Angeanza na Nabali kwanza, ingekuwa ni kusengenya, na Daudi angemjibu kwamba ndiyo maana anakwenda kumwua.

Baada ya hapo anafanya jambo la ajabu kwenye mstari wa 26. Anasema, kwa kuwa BWANA amekuzuia usije kumwaga damu. Amekuzuia! Daudi bado ameshika upanga, hajasema hata neno. Abigaili anazungumza kana kwamba uamuzi umekwisha kupita, na aliyeufanya ni Mungu, hivyo Daudi anapata njia ya kurudi bila aibu mbele ya watu 400 waliosikia kiapo chake. Hakuna asiyejua katika kusuluhisha ugomvi kwamba hapo ndipo mambo hukwama: mtu ameapa hadharani, na kuacha kunaonekana kama kushindwa.

Zawadi inatajwa mstari wa 27 tu, katikati, nayo anaiita baraka, neno ambalo Yakobo alimwambia Esau. Tena hampi Daudi. Anasema wapewe vijana wanaofuatana na bwana wangu. Ingetajwa mwanzo ingekuwa rushwa, ingepewa Daudi ingekuwa bei ya damu. Ikipewa wenye njaa, ni chakula.

Muda wote anamwita Daudi "bwana wangu", mara 14 katika mistari minane. Wahubiri huishia hapo na kusema: mnaona unyenyekevu? Lakini hesabu kinachosemwa katikati ya hizo mara 14. Anamwambia BWANA atamfanyia nyumba imara, na hiyo ni ahadi ambayo nabii Nathani ataileta kwenye 2 Samweli 7, sura nyingi baadaye. Kinywa cha kwanza kumwambia Daudi habari za nyumba ya kudumu ni cha mke wa mfugaji wa Karmeli. Anamwambia atakuwa mtawala juu ya Israeli. Na anamwambia jambo lisilopendeza: siku hiyo ikifika, usiwe na kikwazo moyoni kwa kumwaga damu bure na kujilipizia kisasi. Huyo ni mtu anayemwambia mtawala mtarajiwa kwamba kesho atakumbuka alichofanya leo.

Mstari wa 29 ndio kilele. Nafsi ya bwana wangu itafungwa katika furushi la uhai, na nafsi za adui zako Mungu atazitupa kama kutoka kwenye kombeo. Kombeo anamtajia Daudi, aliyemwangusha Goliathi kwalo. Na furushi nalo lina mizizi ya machungani. Huko Nuzi, mji wa kale ulioko Iraq ya leo, lilipatikana bumba la udongo lenye uwazi ndani, likiwa na vijiwe, na juu yake imeandikwa orodha ya kondoo na mbuzi: jiwe moja kwa kila mnyama aliye hai. Wataalamu wamelihusisha na picha ya Abigaili, na mimi naona linakaa vizuri mno kwenye msimu wa kukata manyoya. Kuna jiwe linalofungwa na kutunzwa, na kuna jiwe linalotupwa. Ukifika mstari wa 37, moyo wa Nabali unakufa ndani yake naye anakuwa kama jiwe. Sasa unajua ni jiwe lipi.

Maneno hayo ya furushi la uhai ndiyo urithi wake uliosambaa kuliko wote, na wengi hawajui kuwa ni wake. Kwenye makaburi ya Wayahudi duniani kote huchongwa herufi tano za Kiebrania, tav, nun, tsadi, bet na he, zikiwa kifupi cha dua kwamba nafsi ya marehemu ifungwe katika furushi la uhai. Dua hiyo imetoka kwenye mazungumzo ya njiani, chini ya mlima, mwanamke akizuia mauaji.

Daudi anaibariki busara yake, anakiri kwamba amezuiwa asiingie katika damu, anapokea vitu na kumrudisha kwa amani. Abigaili anarudi na kumkuta Nabali kwenye karamu kama ya mfalme, amelewa chakari. Hamwambii neno mpaka kupambazuke. Ukiacha kule kuondoka bila kumwambia, huo ndio ukimya pekee wa Abigaili katika sura nzima, nao ulidumu usiku mmoja, kwa sababu hakuna faida na kuna hatari katika kumweleza mlevi jambo la namna ile. Asubuhi, asubuhi ileile ambayo Daudi aliapa kwamba wanaume wa nyumba hiyo hawataiona, alimweleza yote. Wengi husema alipigwa na kiharusi. Maandishi yanasema tu kwamba moyo ulikufa, na baada ya siku kama 10 BWANA akampiga akafa. Marabi, walimu wa Kiyahudi, waliona katika siku hizo 10 mfano wa zile zilizo kati ya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho: hata Nabali alipewa nafasi ya kutubu.

Basi ule uvumilivu wa miaka mingi tunaousikia mimbarini umeletwa na mhubiri. Sura haina neno moja kuhusu jinsi Abigaili alivyoishi na mtu yule, wala haimsifu kwa kukaa. Inamsifu kwa akili njema. Kitenzi kinachomfuata ni kufanya haraka: alifanya haraka kupakia, haraka kushuka kwenye punda, Daudi mwenyewe anasema usingefanya haraka, na mwisho, Nabali akiwa amekufa, anainuka haraka kwenda kuolewa na Daudi. Na kifo cha Nabali hakitolewi kama ahadi kwa kila mke. Kumwambia mwanamke anayepigwa asubiri Mungu ampige mumewe ni kumwacha peke yake na mtu hatari, huku ukitumia jina la mwanamke ambaye hakusubiri hata jioni ifike.

Walimu wa Kiyahudi walimheshimu kwa namna nyingine. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho yao, katika sehemu iitwayo Megila, inamhesabu miongoni mwa manabii wanawake saba, pamoja na Sara, Miriamu, Debora, Hana, Hulda na Esta. Humo Daudi anajitetea kwamba Nabali ni mwasi dhidi ya mfalme, hivyo hahitaji hukumu. Abigaili anamjibu: Sauli bado yu hai, na chapa yako haijaenea duniani. Ni hoja ya kisheria iliyo wazi kabisa: madaraka ambayo hujapewa huwezi kuulia nayo mtu. Lakini walimu haohao waliliona pia neno lake la mwisho, "umkumbuke mjakazi wako", wakasema mwanamke huongea huku akisokota uzi wake, yaani anajitafutia na lake. Hawakukosea kuliona. Ila baada ya alichofanya siku ile, kama Nabali angepona, Abigaili angekuwa hana nyumba. Mtu wa hali hiyo kuomba akumbukwe si tamaa.

Kiingereza kilimpa urithi wa ajabu. Mchezo mmoja wa kuigiza wa London, mwanzoni mwa karne ya 17, ulimpa kijakazi wa bibi mkubwa jina la Abigail, na jina hilo likawa neno la kawaida la mtumishi wa kike. Limetokana na kule kujiita mjakazi kwake. Mwanamke aliyemiliki watumishi na kupanda punda akifuatwa na wasichana watano akabaki katika lugha hiyo kama yaya wa kufunga vifungo.

Daudi alijifunza nini? Sura ya 24 alikuwa amemwacha Sauli hai pangoni, sura ya 25 nusura amwangamize Nabali, na sura ya 26 anamwacha Sauli tena, safari hii akisema BWANA mwenyewe atampiga. Kitenzi hicho cha kupiga ndicho kilichomwua Nabali. Sura ya 30 inaleta tena mgawanyo wa watu 400 na 200: Waamaleki wameichoma Siklagi, mji alikokaa Daudi na watu wake, na kuchukua mateka, Abigaili akiwamo, 400 wanafuatilia, 200 wanabaki kijito cha Besori kwa uchovu. Waliorudi na nyara wanataka wenzao wasipewe kitu, na maandishi yanawaita watu wa beliyaal, yaani wabaya wasiofaa, jina ambalo mtumishi alimwita Nabali. Daudi anakataa. Fungu la anayekwenda vitani na la anayekaa na vyombo litakuwa sawa, na ikawa amri katika Israeli. Neno "changu" alikuwa amelisikia likisemwa mara nne, na alijua lilikomea wapi.

Halafu linakuja jambo la Uria, mume wa Bathsheba, ambaye Daudi alisababisha auawe. Damu ya bure, kikwazo cha moyo, yote yaliyotajwa kwenye mstari wa 31. Nathani alikuja akasema ukweli, lakini alikuja damu ikiwa imemwagika. Abigaili ndiye aliyekuwa amewahi kabla. Wakati huo maandiko hayamtaji kabisa.

Alikuwa ametajwa mara ya mwisho Hebroni, alipomzaa mwana wa pili wa Daudi, Kileabu, ambaye Mambo ya Nyakati humwita Danieli. Hata kwenye orodha hiyo ya wana wa mfalme, ameandikwa kama mke wa Nabali Mkarmeli. Amnoni, Absalomu na Adonia, wa kwanza, wa tatu na wa nne, wote walijaribu nguvu zao na wote waliuawa. Wa pili hakusikika katika ugomvi wowote, na nyumba imara ambayo mama yake aliitabiri ikajengwa kwa mtoto wa Bathsheba.